Aliyebaki Getini

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka nyumbani kwenda hija ya Bikira Maria Ifucha, hapa kwetu Tabora, pamoja na akina mama wa jumuiya yetu. Dada anayenisaidia kazi alikuwa ameamka tangu saa tisa. Alichemsha maji ya kuoga, akapiga pasi kitenge changu cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, akanifungia michembe na karanga za njiani, kisha akanisindikiza hadi getini, mwanangu mdogo akiwa mgongoni kwake. Rozari ilikuwa tayari mkononi mwangu aliponiuliza: "Mama, na mimi nitakwenda lini?"

Nilimjibu, "Tutaona, mwanangu."

Niliyasali matendo ya furaha yote matano kwa mdomo tu. Amekaa kwangu miaka miwili. Katika miaka hiyo nimekwenda hija mara nne, na mara zote nne ndiye aliyenipigia pasi. Yeye hajakwenda hata mara moja. Jumapili huwahi misa ya kwanza na kurudi mbio kabla hatujaamka kudai chai. Nilipogeuka kuutazama msafara wetu, akina mama tukiimba kwa sauti nzuri na vumbi likitimka, sikumwona hausigeli hata mmoja. Kila mmoja wetu alikuwa amemwacha binti wa watu getini.

Wanawake wa kale waliosifika kwa ibada nao walikuwa na mabinti wa namna hiyo. Margery Kempe, mama wa watoto 14 kutoka mji wa Lynn, Uingereza, aliondoka kwao mwaka 1413 kwenda Yerusalemu, na safari hiyo alifuatana na msichana wake wa kazi. Wenzake wa safari walichoshwa na kilio chake cha kila siku na mazungumzo yake ya Mungu hata mezani. Wakamtenga, na msichana wakamchukua. Baadaye Margery akawa Roma hana kitu, amegawa fedha zake, anaomba chakula. Akamkuta msichana yule katika nyumba ya wageni ya Waingereza, amekabidhiwa divai ya nyumba, ameneemeka. Bibi akamwomba mtumishi wake wa zamani chakula na kinywaji, naye akampa kwa moyo mweupe, pengine na senti juu yake. Hayo Margery aliyasimulia mwenyewe akaandikiwa, kwa kuwa hakujua kuandika. Jina la msichana hakulitaja.

Kule Ethiopia, katika karne ya 15, aliishi Kristos Samra, bibi wa ukoo mzuri wa Shewa, mwenye mume, watoto na watumishi. Kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Kigeez kinasimulia kwamba siku moja alimkasirikia mjakazi wake, akamsukumia kinga cha moto kinywani, binti akafa. Hofu ikamshika. Akamwomba Mungu amrudishie uhai, akaweka nadhiri kwamba binti akiamka, ataacha nyumba na kila kitu. Binti akaamka. Bibi akaenda Debre Libanos akawa mtawa, na baadaye katika Ziwa Tana akaanzisha monasteri inayokumbukwa kwa jina lake. Waethiopia humheshimu kama mtakatifu aliyethubutu kumwomba Mungu amsamehe hata Shetani.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi nikimtazama yule bibi, toba yake, maji ya ziwa aliyosimama ndani yake akisali. Wiki hii nimekwama kwa binti. Utakatifu wote ule ulianzia jikoni, katika kinywa chake kilichoungua. Naye alipofufuka alikwenda wapi? Mwandishi hakuona haja ya kutuambia.

Sisi wa Tabora tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapa, na wanawake walipita hapa wakiwa wamefungwa. Wengine hawakufika pwani. Walibaki hapa hapa, katika matembe ya Unyanyembe, wakitwanga na kulea watoto wa mabwana. Pale Kipalapala, miaka ya 1880, wamisionari walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu. Maria tunayemwendea Ifucha alijiita mjakazi, na katika mji huu kulikuwa na mabibi waliolisikia neno hilo bila kuuliza maana, kwa sababu mjakazi alikuwa nyuma ya nyumba anaosha masufuria.

Najua nitakavyojibiwa. Mama fulani ataniambia, "Dada wangu si mtumwa, namlipa mshahara." Kweli, unamlipa. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za kupumzika kila wiki, na sijui ni nyumba ngapi katika mtaa wangu zinazompa binti hata saa sita mfululizo. Yangu haimo. Mwingine atasema, "Sasa nani abaki na watoto?" Swali hilo nimelitafakari siku tano, na kila mara jibu ni lile lile: abaki mama yao. Au baba yao, kwani naye ana mikono. Hija ni sadaka ya mwili, ya jua na kiu na miguu inayouma. Mimi nilikuwa nikitoa sadaka ya usingizi wa mtu mwingine.

Binti huyu ana jina, la ubatizo na la ukoo wao kule Urambo. Silitaji hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Jumatano jioni nilimwambia kwamba hija ijayo atakwenda yeye na akina mama, mimi nitabaki na mtoto. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda bila kuinua uso. Kisha akauliza kama ningeweza kumwazima viatu vyangu, kwa kuwa ndala zake zilikatika tangu mwezi wa Ramadhani.