USHAHIDI WA MLOLONGO

Tumepokea suala la mzee mmoja katika ndugu zetu, ambaye mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waliohesabu watu katika mlolongo wa kuchagua wajumbe wa Bunge. Asema kuwa aliandika hesabu aliyoamrishwa, wala si ile aliyoiona kwa macho yake, na sasa ataka kujua limlazimulo. Wengi katika darasa yetu tulikuwa watoto siku hizo, na vijana wa leo hawana khabari nazo. Kwa hivyo twaeleza kwanza jambo lilivyokuwa, kisha tujibu.

Tangu Juni 1982 sheria ya Kenya ilikuwa haikubali ila chama kimoja, nacho ni KANU. Mwaka 1986 chama hicho kikaamua kuwa wagombea wateuliwe kwa watu kupanga safu, si kwa kura ya siri: kila mwanachama asimame mchana, mbele ya macho ya watu, nyuma ya amtakaye au nyuma ya wakili wake. Tarehe 22 Februari 1988 ndipo safu hizo zilipopangwa nchi nzima. Na aliyepata zaidi ya sehemu 70 katika 100 alihesabiwa amekwisha pita, bila ya kungojea kura ya siri ya 21 Machi. Hebu itazameni hesabu hii. Lau jimbo lina watu 10,000, wakatoka 1,000 tu, na 710 wakasimama nyuma ya mmoja, basi huyo ndiye mjumbe wa wote, na wale 9,000 hawakutamka neno.

Lakini ubaya mkubwa haukuwa hapo. Karatasi ya kura hubaki sandukuni, na yaweza kuhesabiwa mara ya pili. Mlolongo ni watu. Wakishakwenda makwao hakibaki kitu ila neno la aliyehesabu. Maafisa wa serikali ndio waliosimamia, na mahali pengi safu fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu, hali wenye macho wapo wanatazama. Maaskofu wa Kikristo, kama Henry Okullu na Alexander Muge, waliyapinga mambo haya wazi wazi, na haki ni haki hata msemaji asipokuwa katika sisi. Sauti zetu wenyewe zilisikika kwa kadiri gani? Hilo twawaachia wazee walijibu.

Bunge lililotoka humo halikukawia. Agosti 1988 lilipitisha mabadiliko ya Katiba yaliyowaondolea majaji himaya ya kazi zao, na kuwapa polisi ruhusa ya kumzuia siku 14 mtu atuhumiwaye kosa la kunyongwa, kabla ya kumpeleka kortini. Mlolongo wenyewe haukuachwa mpaka Desemba 1990, na sheria ya chama kimoja ikaondolewa Desemba 1991. Anayedhani kuwa nambari moja ya uwongo katika karatasi ni jambo dogo, na apime hayo.

Sasa jawabu. Aliyesimama katika safu asiyoipenda kwa kuchelea kazi yake au nafsi yake, huyo twamtazamia udhuru. Mwenyezi Mungu amemsamehe aliyelazimishwa hata katika neno la ukafiri, seuze kusimama juani. Ama mwenye kuhesabu, yeye ni shahidi. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uwongo alikaa kitako, akakariri mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza. Na kusema "niliamrishwa na mkubwa wangu" hakumtoi mtu katika dhima, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Lau alitishwa kwa jambo zito dhambi hupungua, lakini haki ya aliyedhulumiwa haifutiki kwa khofu ya mwingine.

Toba ina shuruti tatu zijulikanazo: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorejea. Ikiwa ndani yake mna haki ya mja, huwa nne, nayo ni kuirejesha haki hiyo. Kiti cha Bunge la 1988 hakirejesheki. Kinachorejesheka ni ushahidi. Basi mzee wetu na amwendee yule aliyemwandikia pungufu, amwambie aliyoyaona siku ile, amtake radhi. Na akiwa amekwisha kufa, awaendee warithi wake. Hatumlazimishi kujitangaza barazani, kwani kujisitiri kunaruhusiwa. Lakini akiulizwa na mwenye kuandika taarikhi au na hakimu, asifiche.

Tena ameuliza juu ya ujira aliopewa siku ile. Ikiwa ulikuwa wa kazi ya kuhesabu, naye hakuhesabu, hakuustahiki. Na akadirie thamani yake kwa fedha za leo, awape mafakiri, wala asitazamie thawabu za sadaka kwa mali hiyo, kwani anajitoa katika mali isiyokuwa yake.