Ng'ombe Anayejulikana kwa Pembe Zake

Wapo watu wanaopenda barabara kama wengine wanavyopenda mpira. Watakueleza namna ngazi tatu za makutano ya Ubungo, Dar es Salaam, zinavyopishana, na watabishana mpaka usiku wa manane kama kona fulani imelazwa vya kutosha au kama kibao cha mchepuko kimesimikwa karibu mno na mchepuko wenyewe. Tunawaona wana muda wa kupoteza. Lakini katika ubishi wao husikika kauli ambayo huisikii msibani wala kwenye taarifa ya habari: barabara imekosea. Kwingineko tuna maelezo mawili tu, kwamba dereva alikuwa mzembe, au kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Wapenzi hawa, pengine bila kukusudia, wameliinua swali ambalo lilipaswa kuulizwa msikitini na kanisani: mtu aliyechora mstari kwenye karatasi, akiwa ofisini, bila kumchukia yeyote, anaweza kubeba damu ya mtu ambaye hatamwona maishani? Naamini anaweza, na dini zetu zilishalijibu swali hilo kabla lami haijajulikana.

Kikwazo cha kwanza kimo katika lugha yenyewe. Neno "ajali" limetoka kwenye Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai wa kiumbe. Basi linapopinduka, tunataja tukio na hukumu yake kwa neno lile lile, na methali inamalizia kazi kwa kusema ajali haina kinga. Ukianza hivyo, uchunguzi utachunguza nini? Ila wanaojificha nyuma ya kadari wamkumbuke khalifa Umar bin Khattab. Alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba huko mbele kuna tauni. Akaamua kugeuza msafara. Abu Ubaida, sahaba mwenye heshima kubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali kwamba anaikimbia, ila anaikimbilia kadari ya Mungu huyo huyo, kisha akampa mfano wa mchungaji aliyeteremka na ngamia wake bondeni, upande mmoja una majani na wa pili mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Sioni jibu lililo karibu zaidi na kazi ya mhandisi. Mteremko usio na ukuta ni kadari, na mteremko wenye ukuta ni kadari pia. Imani haimwambii achague upi. Inamnyima tu ruhusa ya kusema kwamba hakuchagua.

Upande wa Biblia, sheria ya Musa imeingia ndani zaidi, kwa sababu inazungumzia vitu vya mkononi. Katika Kumbukumbu la Torati, anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo kuzunguka dari, kwani watu wa kule walitumia dari kama ua, na mtu akianguka, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Sheria haikuuliza kama aliyeanguka alikuwa amelewa, au alikuwa akicheza pale pasipochezewa. Kitabu cha Kutoka kina kesi ya ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe. Ikiwa ni mara ya kwanza, ng'ombe anauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alijulikana tangu zamani kwa kupiga pembe, mwenyewe akaonywa na hakumfungia, basi mwenyewe naye ana hatia ya kufa. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichoongezeka ni kujua.

Sasa mtazame ng'ombe wetu. Kati ya Nakuru na Eldoret, nchini Kenya, kuna eneo la Salgaa, kwenye barabara inayobeba mizigo ya kwenda Uganda na Rwanda. Pana mteremko mrefu, na baadhi ya madereva wa malori walikuwa na desturi ya kutoa gia wakaliacha lori literemke kwa uzito wake, ili mafuta yasalie wayauze. Lori la namna hiyo halisaidiwi tena na injini. Kazi yote inaziangukia breki, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Lori hilo lilikuwa likikutana na mabasi yanayopanda, na katikati yao palikuwa na mstari wa rangi. Rangi tu, unene wa karatasi, kati ya tani 30 za chuma na abiria waliolala. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso huko Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Hatua ya kwanza ya serikali ilikuwa kuyazuia mabasi ya masafa marefu yasisafiri usiku. Baadaye, mwaka 2018, ukajengwa ukuta wa zege katikati ya barabara, na migongano ya uso kwa uso pale ikapungua sana. Madereva hawakuwa wameokoka kwa pamoja. Tamaa ya kuuza mafuta haikuisha. Kilichobadilika ni zege. Na hapo ndipo swali linapouma, kwa sababu kwa miaka mingi kabla ya zege Salgaa ilikuwa ikitajwa nchi nzima kama mahali pa kifo. Mamlaka inaposimika kibao cha kumwonya msafiri kwamba hapa pana ajali nyingi, hudhani imetimiza wajibu. Mimi nakisoma kibao hicho kama ungamo: mwenye ng'ombe ameandika kwa herufi kubwa, kwa fedha za umma, kwamba anazijua pembe.

Mtu atasema, basi unamsafisha dereva. Aliyetoa gia ana akili timamu na leseni, na kila nafsi itaulizwa mzigo wake yenyewe. Kweli kabisa, na aulizwe. Kosa letu ni kuidhania lawama kuwa ugali wa sinia, kwamba mwenzako akimega tonge kubwa, lako linapungua. Lawama haigawanyiki hivyo; watu wawili wanaweza kuwa na hatia kamili ya kifo kimoja. Oktoba 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera ambayo lengo lake la mwisho ni kwamba asife wala asijeruhiwe vibaya mtu yeyote barabarani. Msingi wake unamshangaza anayeusikia mara ya kwanza: binadamu atakosea, hilo limeshakubaliwa, hivyo barabara ichorwe ili kosa lisilipiwe kwa uhai. Nyaya za chuma zikatandazwa katikati ya barabara zilizokuwa zikiua kwa kugonganisha magari. Mwaka 1997 nchi hiyo ilizika watu 541 waliokufa barabarani. Mwaka 2019 walikuwa 221. Sheria dhidi ya walevi na wenye mwendo wa kasi hazikufutwa. Dereva aliendelea kushtakiwa, na mchoro nao ukaanza kuulizwa.

Pingamizi jingine lina ncha kali zaidi: ukimlinda mtu kupita kiasi atazembea, ukinyoosha barabara ataikanyaga moto. Nalikubali karibu lote, ila naona linanisaidia mimi. Njia pana iliyonyooka humwambia dereva "kimbia", hata kama kibao cha pembeni kimeandikwa 50, na anayesikilizwa zaidi ni lami. Mhandisi Hans Monderman aliling'amua hilo huko Drachten, Uholanzi, alipoondoa taa na alama kwenye makutano yenye shughuli nyingi, madereva wakalazimika kupunguza mwendo na kutazamana usoni. Barabara ya Nairobi kwenda Thika, iliyopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, kwenye sehemu kubwa ina njia nane. Inazungumza lugha ya kasi kwa sauti ya juu, huku ikipita kwenye makazi ya watu wanaokwenda kazini kwa miguu. Wakivuka chini badala ya kupanda daraja, tunawaita wavivu. Mwangalie mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la sukumawiki kichwani, anayetakiwa kupanda na kushuka ili gari lisipunguze mwendo. Nani amepewa njia fupi, na nani amepewa mlima? Hilo liliamuliwa na mtu, kwenye meza.

Limebaki suala la fedha, na hili silichukulii kwa wepesi. Nchi isiyo na uwezo ikijenga ukuta kila mteremko, kuna kijiji kitakosa barabara kabisa, na mjamzito atafia njiani kwa kukosa gari. Hiyo ni damu pia. Hata hivyo hoja ya umaskini hutajwa kwa kuchagua. Matuta na kivuko mbele ya shule havikufilisi nchi, wala kukisogeza kituo cha mabasi kutoka kwenye mguu wa mteremko. Mwisho wa Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, Kenya, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, zaidi ya watu 50 wakafa. Soko na kituo vilikuwa pale kila siku, mchana kweupe. Halafu nchi zile zile zinazolia umaskini huzipata fedha za barabara za juu. Mwaka 2022 Nairobi ilifungua barabara ya kulipia ya kilomita 27, sehemu yake ikipita hewani, na wapenzi wa barabara wakashindana kuipiga picha. Hapo ndipo nami ninapoachana nao kidogo: jicho lao hukaa nyuma ya usukani, au angani kwenye droni, na mara chache sana kwenye mtaro anakosimama mtu akisubiri upenyo wa kuvuka.

Wanazuoni wanasema toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na palipo na haki ya mtu, kuirudisha. Haki ya waliokufa hairudishwi kirahisi, lakini sharti la kwanza linawezekana hata kwa ofisi. Sweden, kila kifo cha barabarani huchunguzwa na mamlaka ya barabara yenyewe, mbali na polisi, ikiulizwa ni kipi katika njia ile kiliachia kosa likawa kifo. Kwetu, askari hupima kwa futi alama za matairi, huchora ramani yake, dereva akiwa hai anafikishwa mahakamani, na shauri linakwisha kwa faini au kifungo. Mchoro wa ile kona, wenye sahihi na mhuri, unabaki kabatini.