Batini ya Ukurasa

Swali langu ni la kifikihi, ingawa limenijia mbele ya kompyuta: ukurasa ukisema uongo mahali ambapo msomaji wa kawaida hapaoni, kwa uongo huo atajibu nani?

Ninafundisha madrasa Ngamiani, hapa Tanga, na nimekabidhiwa tovuti yenye darsa za marehemu mjomba wangu. Ziko za kufafanua hadithi, ziko za mirathi, ziko za adabu za mwanafunzi. Nyingine aliziandika kwa herufi za Kilatini, na nyingine kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu, kama walivyoandika wazee wa pwani hii. Wosia wake ulikuwa mfupi: zisomwe na kila anayetaka, wala zisiuzwe. Fundi aliyeijenga tovuti alipata kazi Muscat, akaondoka na dua zetu, akatuachia faili zote na nywila kwenye kipande cha karatasi. Tangu hapo mwenye kuulizwa ni mimi, ndiyo maana nikajifunza HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti.

Asiyeijua asiiogope. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyaandika kwa Notepad bila kununua chochote. Kila kipande cha maneno kinawekwa kati ya alama zenye mabano ya pembe, na alama hizo hazina kazi ila kutaja kitu kwa jina lake: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Tim Berners-Lee, aliyeibuni akiwa CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, alianza mwaka 1991 na alama zisizofika 20. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima teknolojia ya wavuti, atumie atakaye bila kulipa. Leo alama ni nyingi zaidi, lakini za lazima kwa kutunza darsa za shehe ni chache, na mwanafunzi aliyeweza kuhifadhi hukumu za sijda ya kusahau hazitamshinda.

Kwa hiyo ukurasa una pande mbili. Kuna dhahiri, ambayo ni rangi, herufi na picha. Na kuna batini, ambayo ni yale maandishi yenye alama. Batini hii haina kufuli. Bonyeza Ctrl na U kwenye kompyuta, utaiona yote, ya kwangu na ya mtu yeyote. Kazi za mikono ya wanadamu zinazokubali kufunuliwa hivi ni chache sana, na mimi naihesabu kuwa ni neema, maana hapo ndipo nilipoonyeshwa deni langu.

Kuna kijana anayesoma mirathi kwetu, haoni tangu utotoni. Anatumia NVDA, programu ya bure inayomsomea skrini kwa sauti. Aliianzisha Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, kisha akajiunga naye mwenzake James Teh, naye haoni. Siku moja baada ya darsa akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Samahani, lakini darsa za mzee zinasomwa na Mzungu." Nikamsogelea nikasikiliza. Kweli. Maneno ya mjomba yalikuwa yakitoka kwa matamshi ya Kiingereza, yamevunjwavunjwa hata mimi niliyeyajua nisiyafahamu.

Nikafungua batini. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na neno lang, na thamani yake en. Yaani ukurasa ulijitambulisha kwa mashine: mimi ni Kiingereza. Kiolezo kilitoka nje ya nchi kikiwa hivyo, na hakuna aliyekigusa. Mashine haikuwa na sababu ya kukidhania vibaya, ikaamini ilichoambiwa. Niliondoa en nikaandika sw, nikahifadhi, na yule kijana akamsikia shehe wake kwa Kiswahili.

La pili lilikuwa zito zaidi. Vichwa vya habari vya ile darsa ndefu ya mirathi vilikuwa vikubwa, vimekolezwa, vizuri kutazama. Lakini ndani havikutajwa kuwa ni vichwa. Vilikuwa aya kama aya nyingine, zimenenepeshwa herufi tu. Anayeona hagundui tofauti. Asiyeona, akibonyeza H ili NVDA imrukishe kwenye kichwa kinachofuata, haendi popote. Akitaka kujua fungu la mke, kwamba ni thumuni mume akiacha mtoto na robo asipoacha, ilimbidi asikilize tangu bismillahi mpaka afike. Wenzake waliopewa macho walifika kwa kutupa jicho.

Hapa ndipo wengi wanaponijibu kwa hadithi ya nia, ile ambayo kila mtoto wa chuo anaijua. Fundi hakukusudia kumdhulumu mtu. Madrasa haikukusudia. Basi yameisha.

Hayajaisha. Nia njema inaondoa dhambi, haitengenezi kilichoharibika. Fikihi yetu imeliweka wazi jambo hili katika mlango wa dhamana: ukivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya, dhambi huna, lakini chungu utalipa. Kijana yule alipotezewa wakati wake na fahamu yake, naye ana haki ya fidia, na fidia yenyewe ni kurudi ndani ya faili na kutaja kila kichwa kwa jina lake la kweli. Na baada ya kujua, hata ule udhuru wa dhambi umeondoka. Mwenye kuuacha ukurasa useme "mimi ni Kiingereza" ilhali anajua kuwa ni Kiswahili, huyo sasa ndiye msemaji.

Shehe mmoja ninayemheshimu sana, mjumbe wa kamati yetu, aliniambia, "Mwalimu, kazi za mafundi waachie mafundi. Msimamizi wa wakfu hakushurutishwa kuwa mwashi." Ni hoja nzito, na sehemu yake naikubali. Hakuna aliyeniwajibisha nijenge tovuti kwa mkono wangu. Naweza kumwakilisha mtu, na uwakala ni halali. Lakini msimamizi wa wakfu akipita chini ya ukuta uliopinda, macho yake yanamtosha kuona kuwa umepinda. Ukurasa uliopinda ndani hauonekani kwa macho. Asiyejua kusoma batini yake hawezi hata kumuuliza fundi swali, sembuse kumkagua. Amana gani hiyo, ambayo aliyeipokea hana njia ya kujua kama bado ni nzima?

Nilimkumbusha shehe wangu maneno ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika mlango wa elimu wa kitabu chake Ihya anataja udaktari na hesabu kuwa ni fardhi kifaya, na pamoja nazo kazi za msingi kama kilimo na ufumaji: wakitokea wa kutosha kuzifanya, wengine wamevuliwa jukumu, mji ukikosa kabisa, dhiki na dhambi vinawaangukia wote. Kisha analalamika kuwa watu wa zama zake wanarundikana kwenye fikihi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Sidai kuwa HTML ni udaktari. Nadai kuwa madrasa iliyokubali kubeba maneno ya mtu kwenye intaneti, halafu ikakosa hata mmoja anayeweza kufungua faili lake na kulisoma, imo ndani ya lalamiko lile.

Kuna jambo jingine katika sanaa hii lililonifikirisha sana. Vivinjari vinasamehe. Ukisahau kufunga aya, kivinjari kinakufungia. Ukikosea mpangilio, kinajaribu kukufahamu. Palikuwa na wakati wataalamu walitaka ukali: XHTML, ambayo ikifuatwa kwa sheria zake zote, kosa moja lilitosha ukurasa kukataa kuonekana. Dunia haikwenda huko. Mwaka 2009 W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kilitangaza kusitisha kazi ya XHTML 2, na HTML5 ikaja na maelezo ya kinaganaga ya namna kivinjari kitakavyoyachukua makosa yetu. Mimi niliyeanza kujifunza nikiwa mtu mzima nimeishi chini ya rehema hiyo na ninaishukuru.

Lakini rehema ile inanihusu mimi na wanaoona. Kivinjari kinapolifunika kosa langu machoni pao, anayelibeba ni yule kijana. Na wanazuoni wetu hawajawahi kuchanganya mambo haya mawili: haki ya Mwenyezi Mungu, ambayo toba ya kweli inatosha, na haki ya mja, ambayo toba yake haikamiliki mpaka mja mwenyewe arudishiwe au asamehe. Kivinjari hakina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya asiyeona.

Sasa nimefika kwenye darsa zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na huko kazi ni kubwa. Fundi alizipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuziweka hivyo. Kwa sisi ni baraka kuuona mwandiko wa mjomba. Kwa asiyeona ni kimya kitupu, kwa kuwa picha haina maneno isipopewa maneno. Kuandika kwenye alt, yaani maelezo ya picha, "picha ya mwandiko wa shehe" hakumfikishii somo. Inabidi kila ukurasa unakiliwe upya kwa mkono: mara moja kwa herufi zilezile, na dir, yaani mwelekeo wa maandishi, iwekwe rtl ili mistari ianze kulia, kisha mara ya pili kwa Kilatini chini yake. Peke yangu sitaimaliza.

Nimeiomba kamati initolee wasichana wawili wakubwa niwafundishe HTML, ili na madrasa ipate wa kuitunza tovuti siku ambayo mimi sipo. Shehe wangu amekubali mmoja, tena baada ya kukhitimisha Kurani yake. Mimi nataka wawili, na nataka waanze sasa, kwa sababu mtihani wa mirathi uko baada ya Ramadhani, na darsa ya asaba, warithi wanaochukua kinachobaki, imo kwenye zile picha.