Tende Mbovu Msikitini

Katika Ramadhani iliyopita sisi wa darasa hili tulichanga fedha kama tufanyavyo kila mwaka, tukanunua mahindi, mchele, sukari na mafuta ya kupikia, tukavipeleka katika vijiji vya bara ya Kilifi, huko upande wa Ganze, ambako mvua zilikuwa zimekosekana. Tulifika kabla ya adhuhuri. Watu walikuwa wamekwisha kupanga safu. Tukagawa, tukaomba dua, tukapiga picha kama ilivyo desturi ya siku hizi, na nyoyo zetu zilikuwa zimetulia.

Bibi mmoja mtu mzima, baada ya kupokea fungu lake, hakuondoka. Aliufungua mfuko palepale mbele yetu, akatia mkono, akatoa ukufi wa mahindi, akayanusa, kisha akayarudisha. Akasema kwa upole: "Wanangu, Mungu awalipe kheri. Lakini haya yana ukungu. Nyinyi wenyewe mungeyala?"

Hatukumjibu. Na ikiwa twaandika ili kuwaambia wenzetu kweli, basi na hili tuliseme: wengi wetu tulichukia. Njiani tukirudi mmoja alisema kuwa mtu mwenye njaa hana haki ya kuchagua, na wengine wakaitikia. Tulimwona bibi yule kuwa hana shukrani. Hakuna aliyeuliza mahindi yale yalinunuliwa wapi, wala kwa nini bei yake ilikuwa ndogo hata tukaifurahia.

Baada ya siku kadhaa tulikuwa tukisoma tafsiri ya Suratul Baqara, tukafika aya ya 267. Ndugu msomaji huenda aijua: waumini waamrishwa kutoa katika vile vilivyo vizuri walivyovichuma na katika mazao ya ardhi, na wakatazwa kukikusudia kilicho kibaya wakakitoa hicho, hali wao wenyewe hawangekipokea ila kwa kukifumbia macho. Sababu ya kuteremka kwake imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Al-Baraa bin Azib. Katika Madina Answari waliokuwa na mitende walikuwa wakileta vishada vya tende na kuvitungika msikitini, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho. Mafakiri waliokaa pale msikitini, ambao hawakuwa na chakula, mmoja wao akiona njaa hukiendea kishada akakipiga kwa fimbo yake, tende zikaanguka, akala. Wakatokea watu wasio na hamu ya kheri, wakaleta vishada vya tende kavu zisizo na nyama, na vingine vimevunjika. Ndipo aya ikateremka.

Twaomba msomaji atazame mambo mawili katika khabari hii, maana sisi tulikuwa tumeisoma mara nyingi na hatukuyaona.

La kwanza, watu wale walikuwa wametoa. Hawakuzuia mali yao, wala hawakuiba. Vishada vyao vilitungikwa pamoja na vya wenzao, na anayetazama kwa mbali angehisabu kishada na kishada. Pamoja na hayo walikemewa. Basi ni dhahiri kuwa kutoa peke yake hakumwokoi mtu. La pili ni yule fakiri na fimbo yake. Hakupanga safu, hakuandikwa jina, hakupigwa picha. Aliona njaa akaenda akala, kwa kuwa kilichotungikwa pale kilikuwa ni chake. Kila tukilifikiri hili la pili twaona haya zaidi kuliko la kwanza.

Suali lenyewe ni hili: je, chakula cha maskini ni hisani ya mwenye nacho, au ni haki ya asiye nacho? Ikiwa ni hisani, huenda aliyesema njiani alisema sawa, kwani mwenye kufanya hisani hupima kwa mkono wake. Lakini Qurani katika Suratu Dhariyat na Suratul Maarij yasema kuwa katika mali za wema imo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Neno lililotumiwa ni haki. Na haki yafanana na deni: ukidaiwa gunia la mchele mzuri, ukapeleka gunia la mchenga, huwezi kudai kuwa umelipa kwa sababu magunia yametimia. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuliacha jambo hili hewani. Katika zakatul fitri wamesema kuwa nafaka iliyoliwa na wadudu au yenye aibu haitoshi, na mwenye kuitoa bado adaiwa. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo haikuandikwa na mafakihi, katika kifungu cha 43 imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha, na ikaongeza kuwa kiwe cha ubora unaokubalika. Basi bibi yule alipouliza kama tungeyala, alikuwa ametusomea fiqhi na sheria ya nchi kwa pamoja, na sisi tukamwita mkosa shukrani.

Watu watasema: ukungu kidogo wadhuru nini? Waosha, wasaga, wapika, umekwisha. La. Kuvu la mahindi lina sumu ambayo wataalamu waiita aflatoksini, nayo haiondoki kwa kupikwa. Hushambulia ini. Mwaka wa 2004, khasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 katika hao wakafa. Wengi walikuwa wakulima wadogo waliokula mahindi yaliyolimwa huko huko kwao. Yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, na wengine waliyaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, kwa kuwa chakula kilikuwa haba. Mtu hali mahindi yenye kuvu kwa kutojua tu. Mara nyingi ayala kwa kuwa hana mengine. Na sisi tuliokuwa na fedha mkononi na maduka mji mzima tukachagua kumpelekea yayo hayo.

Kuna na dhara nyingine isiyoua kwa siku moja. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa katika Kilifi watoto 37 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao, na hakuna kaunti iliyopita hapo. Kwa Kenya nzima ni 18. Mtoto hadumai kwa kukosa unga peke yake. Hudumaa kwa maradhi na maji machafu, na pia kwa kula kitu kimoja asubuhi na jioni: ugali wa unga mweupe uliokobolewa na chai yenye sukari. Sasa tuvitazame vilivyokuwamo katika mfuko wetu. Mahindi, mchele, sukari, mafuta. Hata kunde hazikuwamo.

Hapa ndipo tuliporudi kwa bibi yule, wawili katika sisi, mara hii bila ya gari la mizigo. Tulimkuta shambani kwake. Naam, ana shamba, na hili lilitushangaza, kwani tulikuwa tumemweka katika hisabu ya waombaji. Alima mahindi, kunde na muhogo, na kando ya nyumba ana majani ya mchicha na mnavu. Katika mwaka wa mvua nzuri huvuna mahindi mwezi wa Agosti, na katika mwezi huo huo huyauza kwa dalali ajaye na lori, kwa kuwa karo ya wajukuu haingoji, deni la duka haligoji, na nyumba haina pahali pakavu pa kuyaweka. Wakati huo kila mtu auza, na bei yaanguka. Ikifika Januari au Februari amekwisha kuanza kununua unga kwa bei ya juu. Huenda mahindi tuliyompelekea yalitoka katika shamba kama lake, yakapita mikono minne, yakalala katika ghala linalovuja, kisha yakamrudia yeye kwa jina la sadaka.

Basi mwenye njaa katika nchi yetu mara nyingi ndiye mkulima mwenyewe. Na tukipanda magari kwenda kugawa vitu vya dukani katika soko ambalo jirani yake atafuta wa kumwuzia kunde, tumemshibisha mmoja kwa siku kumi na kumharibia mwengine biashara ya msimu. Wakulima wa Chonyi wametwambia kuwa wiki ya magari ya misaada ndiyo wiki mboga zao hulala sokoni.

Tumewaharibia na jambo jengine, nalo ni heshima ya chakula chao. Mtama na mawele ndiyo yaliyokuwa nafaka ya pwani hii kabla ya mahindi kuletwa na Wareno kutoka Amerika. Mtama wastahamili ukame, na mchunga huota wenyewe hata mvua ikiwa chache. Lakini nani atampikia mgeni mchunga? Tumewafundisha watu kwa mifuko yetu kuwa chakula cha heshima ni cheupe, chatoka dukani na kina sukari, na kile kinachoota mlangoni ni cha kimaskini. Hatusemi haya kama watu waliotubu mahamri. La, twayala kila asubuhi. Twasema tu kuwa mtume na mkulima wa kijijini wasilaumiwe kwa ladha tulizozieneza sisi watu wa mji.

Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, katika ile njaa ya mwaka wa 18 wa Hijra iliyoitwa mwaka wa Ramada, alijizuia samli na nyama mpaka watu wote walipopata, akawa ala mkate kwa mafuta ya zaituni hata rangi yake ikabadilika. Na huku akaandika kwa Amr bin Al-As alete chakula. Alifanya yote mawili. Sisi twapenda kusimulia la kujizuia katika hotuba, na la kupanga safari za chakula twaliruka, kwa kuwa lataka hisabu, magunia na watu wa kukesha.

Kuna jambo zito zaidi, na tulijadiliana kama laandikika au la. Katika karne ya 19 Malindi ilisifiwa kwa nafaka, na mtama wake ulikwenda mpaka Bara Arabu. Nafaka ile ililimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa Waislamu, na baadhi yetu tu wajukuu wao. Sheria ya 1907 ilipoondoa utumwa katika pwani ya Kenya, fidia walipewa mabwana. Walioachwa huru hawakupewa hata pishi ya ardhi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, ya 1908, iliyotaka kila mwenye dai aje athibitishe, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya Serikali. Wamijikenda wengi na walioachwa huru wengi hawakupata hati. Mpaka leo wako wanaolima ardhi waliyozaliwa juu yake nao huitwa maskwota, na mtu asiye na hakika ya ardhi hapandi mnazi wala mwembe, wala hachimbi kisima, kwani hajui atakayekunywa. Tukizungumza juu ya chakula chema na tukalinyamazia hili, tutakuwa tumetungika kishada kilichovunjika.

Wala hatuhitaji kutafuta fikra hii ugenini. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, ameeleza katika Al-Majmuu kiasi apewacho fakiri katika zaka. Mwenye kazi ya mikono apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake. Mfanyabiashara apewe rasilmali. Na aliye mtu wa mashamba apewe cha kununulia shamba, au fungu katika shamba, ambalo mazao yake yatamtosha daima. Tafadhali rudia kusoma maneno hayo: shamba. Hakusema mfuko wa unga. Ni miaka mia saba na zaidi kitabu hiki chasomwa na watu wa madhehebu yetu, na sisi twagawa sukari.

Katika darasa hatujaafikiana juu ya yote. Wako wasemao kuwa fedha zetu ni chache na kununua shamba ni ndoto, na kuwa mwenye njaa leo hawezi kungoja hati. Wasema kweli. Wengine wataka zaka ya mazao ihuishwe: sehemu ya kumi kwa kilichonyweshwa na mvua na nusu yake kwa kilichonyweshwa kwa gharama, kwa wenye mavuno yaliyofika nisabu, ambayo kwa hisabu ya wengi ni karibu kilo 653. Lakini mkulima wa magunia matatu hayumo katika hao. Yeye ni mpokeaji, na haipasi kumwendea na kapu. Wenye mashamba makubwa ya kunyweshwa ndio wa kuendewa, na hao tumekuwa tukiwapa viti vya mbele.

Tuliloafikiana ni dogo. Ramadhani ijayo hatutanunua nafaka mjini. Tutanunua kwa wakulima wenyewe wakati wa mavuno, kwa bei ambayo haitaanguka kwa sababu ya dhiki yao, mahindi na kunde na mtama, tuyakaushe mpaka unyevu usipite sehemu 13 na nusu katika 100, tuyatie katika magunia yasiyopitisha hewa ambayo huwaua wadudu bila ya dawa, na tuyagawe pale pale yalipolimwa. Bibi yule amekubali kuwa mmoja wa wakaguzi, kwa sharti kuwa gunia atakalolikataa lirudi mjini nasi tulile. Sharti hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu, likapita kwa kura moja.

Bado twatafuta ghala kavu lenye sakafu ya mbao, lisilo mbali na barabara ya Ganze. Mwenye nalo, au amjuaye mwenye nalo, na atuletee khabari darasani baada ya Isha siku yoyote ya Jumatano, kabla ya mwezi wa Agosti.