Utingo Asiyeshuka

Pale stendi ya Kibiti, gari dogo likiwashwa asubuhi mara nyingi huanza kusema kabla dereva hajafungua kinywa. Ni sauti ya mwanamke, ya upole, inayotamka sentensi nzima ya Kijapani kisha inanyamaza. Wengi wetu tumeisikia kwa miaka na hatukujishughulisha kujua inasema nini. Inasema kadi ya malipo ya barabara haijachomekwa. Kwao Japani barabara za kasi hulipiwa, na kifaa kidogo ndani ya gari humkumbusha mwenyewe asifike getini bila kadi. Gari likauzwa, likavuka bahari, likashuka bandarini Dar es Salaam, likaja huku kilomita 130 na ushei kwa Barabara ya Kilwa ambayo haina geti la malipo hata moja, na bado kila alfajiri linadai kadi yake. Redio yake nayo ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoishia karibu na 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizipati mpaka ifungwe kifaa cha kuongeza masafa. Ramani yake inaonyesha mitaa ya Japani. Abiria hashtuki, dereva hageuki. Tumejifunza kuishi na chombo kinachosema nasi kila siku bila sisi kukisikiliza.

Nimeanza na sauti hiyo kwa sababu zamu imegeuka. Magari mapya hayaishii kusema, yanasikiliza. Mercedes-Benz walipotoa mfumo wao mwaka 2018, mwenye gari aliita jina la kampuni, akasema anahisi baridi, na gari likapandisha joto. Leo kampuni nyingi zina mfumo wa aina hiyo: fungua dirisha, badilisha stesheni, mpigie fulani, nipeleke mahali fulani. Huku kwetu magari hayo ni machache, ila tunajua njia yanayopitia. Kinachotembea Ulaya na Japani leo kitakuwa mtumba wetu baada ya miaka kumi. Na simu iliyounganishwa na redio ya gari tayari inaifanya nusu ya kazi hiyo. Basi ni vema tuulize mapema, kabla mazoea hayajatuzoesha: anayeamriwa kwa sauti anatakiwa awe na nini ndipo amri ifae?

Jibu tunalo, maana kuliendesha gari kwa sauti si jambo geni hapa. Mtazame utingo wa lori linalorudi nyuma kuingia kwenye ghala la korosho. Anashuka, anasimama mahali ambapo kioo cha dereva hakifiki, halafu anaanza: rudi, rudi, kata kulia, kata yote, nyoosha, njoo, njoo, basi! Tani kadhaa za chuma zinatii mdomo wa kijana aliyevaa kandambili. Konda naye hulisimamisha basi kwa neno moja au kwa kiganja juu ya bodi. Mfumo huu umefanya kazi miaka mingi bila umeme wala kompyuta, na siri yake ni kwamba utingo ameshuka. Anaona anachokisema. Dereva akisema anarudi, utingo akaona mtoto nyuma ya tairi, atapiga kelele ya kukataa hata kama bosi wake yupo kwenye usukani, na hakuna dereva mwenye akili atakayemlaumu kwa kukosa nidhamu.

Ukishuka kwenye delta ya Rufiji utaikuta kanuni hiyo katika hali ya ukali zaidi. Mashua inayoingia kwenye mito ya mikoko huendeshwa kwa sauti: tweka, tua, bisha, legeza demani. Nahodha ndiye mwenye amri, na chomboni amri yake haijadiliwi na baraza zima. Lakini mbele, kwenye omo, yupo mtu mwenye upondo anayepima maji na kupaza sauti nyuma kueleza kina. Maji ya delta hupwa na kujaa, mchanga huhama, na baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 njia iliyopitika mwaka jana huenda leo ni fungu. Nahodha anaweza kuamuru twende moja kwa moja. Mwenye upondo akisema hapapitiki, hapapitiki. Sauti ya amri inakwenda mbele na sauti ya habari inarudi nyuma, na chombo kinaelea kati ya hizo mbili. Ondoa ile inayorudi, nahodha atabaki na mamlaka yake yote juu ya fungu la mchanga.

Hilo ndilo ninalolidai: amri ya sauti ina thamani pale tu anayeamriwa anapoona na anapoweza kukataa. Gari linalosikiliza halina sifa hizo mbili, au linazo kidogo mno. Ni utingo asiyeshuka. Sikio lake limeketi ndani ya kabati la dashibodi, mara nyingi halijui kama mbele yako kuna bodaboda inayokatiza au gunia la mkaa lililoanguka, na ukiliambia lifanye jambo litajitahidi kufanya au litakwambia urudie.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, kwa kazi waliyoifanyia taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani, waliwapima madereva waliotumia amri za sauti kupiga simu na kubadilisha muziki. Waliona kwamba kwa mifumo iliyosumbua zaidi akili ya dereva iliendelea kuwa nusu kazini, nusu pengine, hadi sekunde 27 baada ya shughuli kwisha. Hata mifumo iliyo bora ilimwacha hivyo kwa zaidi ya sekunde 15. Sekunde 27 ni muda mfupi kwa mtu aliyeketi barazani. Kwa basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi kwa sheria zetu, ni mita 600. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lina urefu wa mita 970. Dereva aliyemaliza kuliamuru gari lake akiingia darajani atakuwa amevuka zaidi ya nusu ya daraja kabla akili yake haijarudi yote. Hata akitii kibao cha 50 anapopita Kibiti mjini, ni mita 375 za wauza korosho, wanafunzi na mbuzi.

Kwa nini sauti ichoshe, wakati mikono ipo kwenye usukani na macho yapo mbele? Kwa sababu dereva analisubiri gari limwelewe. Anajiuliza limesikia au halijasikia, anatunga sentensi kwa namna litakayoipenda, anaandaa kurudia. Watafiti wa chuo hichohicho walitoa mwaka 2008 matokeo yanayoeleza vizuri zaidi jambo hili. Walilinganisha dereva anayeongea na abiria aliye pembeni yake na dereva anayeongea kwa simu, wakawapa kazi ya kutoka barabara kuu mahali maalumu. Wenye abiria karibu wote walitoka palipotakiwa, na wenye simu nusu hivi walipitiliza. Mazungumzo yote ni mazungumzo, lakini abiria huiona barabara. Gari likikaribia hatari, yeye hunyamaza, au hubadilisha mada na kusema angalia lile lori. Kwa lugha ya delta, abiria ana upondo.

Atakayenipinga kwanza atauliza sauti inalinganishwa na nini. Kama mbadala wake ni kupekua kioo cha kugusa kwa kidole, sauti si afadhali? Ni afadhali, sikatai. Jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022 lilijaribu magari kadhaa kwa kazi nne ndogo kama kubadilisha stesheni na kuwasha joto la kiti, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida ilimaliza kwa sekunde 10. Gari moja jipya lenye kioo kikubwa lilichukua karibu sekunde 45, na kwa muda huo lilisafiri zaidi ya kilomita moja na robo. Lakini tazama jinsi hoja ilivyogeuka: sauti imeletwa kututibu ugonjwa ambao kioo kimeuleta, wakati kitufe hakikuwa kikiumwa. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameliona hilo, na kuanzia mwaka 2026 gari linalotaka alama zao za juu linatakiwa liwe na swichi za kushika kwa kazi za msingi kama indiketa, honi na waipa. Ile Probox ya mtumba yenye swichi zilizofutika maandishi, ambayo dereva wake huzipapasa gizani bila kukosea, haiko nyuma ya wakati kama inavyosemwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na sitalikwepa. Kuna watu ambao kwao sauti si anasa. Mwenye ulemavu wa mkono, asiyeona vizuri maandishi madogo, asiyesoma Kijapani wala Kiingereza kilichoandikwa kwenye dashibodi: hao wote mdomo wao unaweza kuwa ndio mlango pekee. Mtu aliyeishia darasa la nne na anaendesha vizuri tu ana haki ya kuliambia gari lake lipunguze upepo. Hapo nakubali bila masharti. Ila kubali nawe kwamba mlango huo hautamfungukia yeye kwanza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 katika jarida la PNAS ulijaribu mifumo ya kutambua usemi ya kampuni tano kubwa, ukakuta inakosea wastani wa maneno 35 kati ya 100 kwa wasemaji weusi, na 19 kwa weupe. Hao wote ni Wamarekani wanaosema Kiingereza. Mndengereko wa huku kwetu Ruaruke, mwenye Kiswahili chake mwenyewe, ambaye r na l zake huazimana nafasi kama majirani wema, atasikiwaje?

Tena Kiswahili kina mitego ambayo haihusu matamshi. Liambie gari likukumbushe saa mbili, na kama limefundishwa na watu wasioijua saa yetu litakukumbusha saa nane mchana. Liambie likupeleke Jaribu, mji mdogo wa barabarani unapoingia wilaya ya Kibiti ukitokea Mkuranga, na huenda likajaribu, likajaribu tena, kisha likaomba radhi. Bungu je, litasikia mji au bungo, tunda? Kazi ya kurekebisha haya imeanza. Google iliingiza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unawaomba wasemaji wa kawaida wachangie sauti zao kwa kusoma sentensi. Wanyarwanda wamekwisha kuchangia zaidi ya saa 2,000 humo, jambo linaloweza kututia haya kidogo sisi wenye lugha inayokadiriwa kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200. Mtu akiniuliza vijana wa Kibiti wafanye nini na simu zao za jioni, nitasema wakasome sentensi, na wazisome kwa ulimi wa nyumbani. Wasiulegeze ili wafanane na msoma habari.

Hata hivyo kuelewa maneno ni nusu ya safari. Gari linaloelewa Kiswahili chote na bado halijui kukataa litakuwa mtumwa hodari, na mtumwa hodari si utingo. Ningependa gari ambalo dereva akiliomba limsomee ujumbe wakati anaingia kwenye kona, lijibu: subiri kwanza. Ambalo likisikia jina la mahali lisilolifahamu liseme silijui, badala ya kubahatisha na kumpeleka mtu Morogoro. Wahandisi wanaweza kulitengeneza. Tayari yapo magari yanayokataa kuonyesha video wakati yanatembea. Kinachokosekana ni mnunuzi anayelidai. Mnunuzi husifu gari linalotii upesi, kama baadhi ya mabosi wanavyomsifu mfanyakazi asiyeuliza. Na hapa kuna jambo la adabu pia. Kiswahili chetu humwambia dereva naomba unishushe hapo mbele, kwa sababu dereva anaweza kusema hapo haparuhusiwi, vuta subira. Lile naomba limebeba ndani yake nafasi ya kukataliwa. Mtoto anayekua akisikia fungua, funga, washa, zima, kwa sauti kavu siku nzima na kila kitu kikitii, nafasi hiyo ataijulia wapi?

Pale Nyamisati, deltani, barabara huisha majini. Gari lenye ramani na sauti nzuri likifika hapo litasema umefika, na kwa hesabu zake litakuwa sahihi. Mwenye safari ya Mbwera au ya kisiwani Mafia atazima injini, atashusha mizigo, na kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Kama ni mashua, mwenye upondo atapanda mbele.