Dhambi ya Shujaa wa Gemu ni ya Nani?



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, tulikaa watu wanne juu ya kitanda kimoja hosteli, macho yote kwenye laptopu. Gemu ilikuwa Fallout 3, ya mwaka 2008. Ni ya zamani, lakini ndiyo laptopu zetu zinayoiweza. Humo mchezaji anavaa uhusika wa kijana anayetangatanga katika magofu ya Marekani baada ya vita vya nyuklia. Mapema tu anafika mji mdogo uitwao Megaton, uliojengwa kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halijalipuka. Anaweza kulitegua akawaokoa wakazi. Lakini kwenye baa ya mji kuna bwana wa suti, Burke, anayempa kazi nyingine: atege kifaa kwenye bomu, alilipue akiwa mbali, apate pesa na makazi ya kifahari. Kosa la wakazi ni kwamba mji wao unamharibia tajiri mmoja mandhari anayoyaona kutoka ghorofani kwake.

Mchezaji nilikuwa mimi. Mara ya kwanza nilikuwa nimelitegua bomu. Safari hii nilitaka kuona upande wa pili. Nikabonyeza. Wawili wakashangilia, nami nikacheka. Wa nne, ndugu yetu kutoka Kivu Kaskazini, akavaa ndala zake akatoka bila kuaga. Tulipomfuata alisema jambo moja tu: "Nyinyi kijiji kinachoungua mmekiona kwenye kioo."

Ubishi uliofuata ulichukua wiki nzima, na nimeona niulete hapa, kwa sababu wengi wetu tunacheza gemu hizi na wachache tunajiuliza kwa nini shujaa mwenye maadili ya mashaka hutugawa hivyo.

Kundi la kwanza lilisema: ni hadithi tu. Tangu utotoni tumecheka Abunuwasi anapomlaghai mfalme, na hakuna aliyetuambia tumeshiriki ulaghai. Hata mapokezi yetu yana watu wenye damu mikononi. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeua watu tisini na tisa, akatimiza mia, kisha akafa njiani akiielekea toba, na rehema ikampata. Kama hadithi zingetaka watu wasafi peke yao, huyo asingetajwa.

Kundi la pili likajibu: hadithi tunaisikiliza, gemu tunaitenda. Aliyesimulia habari ya muuaji hakukupa panga ukashike. Hapa hakuna kinachotokea mpaka kidole chako kikubali.

Mimi naona kila kundi lilikuwa linajibu swali lake. Moja linauliza, "Shujaa amefanya nini?" Jingine linauliza, "Mimi nimefanya nini?" Na kadiri shujaa anavyokuwa wewe, ndivyo swali la pili linavyokuwa zito. Mtazame Geralt wa The Witcher 3 (2015), gemu ya Poland iliyotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski. Huyo anakuja na jina lake, makovu yake na historia yake. Kuna mahali anakuta roho iliyofungwa chini ya mti: akiifungua, watoto yatima wanaokoka lakini kijiji kinaangamia, akiiua, watoto wanapotea. Wachezaji hubishana ipi ni afadhali, lakini Geralt amesimama kati yao na tendo. Shujaa wa Fallout 3 hana sura ila uliyomchagulia, wala tabia ila uliyompa. Hapo hakuna wa kusukumiwa lawama.

Je, dini yetu inasemaje? Hukumu ya gemu zenyewe, muda wake na picha zake, nawaachia masheikh. Nasema juu ya tendo hili moja. Hakuna mtu aliyedhulumiwa Megaton, kwa hiyo hakuna damu ya kudaiwa. Tena Mtume (SAW) ametufundisha kuwa umma huu umesamehewa yale ambayo nafsi inajisemesha, maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Aliyenilaumu kana kwamba nimeua alivuka mpaka.

Lakini mambo hayaishii hapo. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), anaeleza katika Ihya kwamba tabia ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi, bila kufikiri. Na tabia hupatikana kwa mazoezi. Anatoa mfano wa anayetaka kuwa mwandishi wa hati nzuri: mwanzoni anaiga kwa kujilazimisha anachokifanya fundi, anarudia na kurudia, mpaka hati inakuwa yake. Aliyekuwa anaiga hana tena haja ya kuiga.

Basi swali la kumuuliza mchezaji ni hili: mkono ulikuwa mzito au mwepesi? Anayesita kabla ya kubonyeza, akaona uchungu, akalala nao, huenda amejifunza kitu juu ya ubaya. Hudhayfa ibn al-Yaman (RA) alikuwa akimwuliza Mtume (SAW) juu ya shari, wakati wengine wanauliza juu ya kheri, kwa kuogopa isimkute. Baadhi ya wachezaji hujitetea kwa mfano wa namna hiyo: nacheza ubaya ili niujue. Sawa. Lakini Hudhayfa aliuliza kwa hofu. Hofu ikiondoka ikabaki hamu, mfano huo haututoshi tena.

Na wanaocheza "wema" wasijione wamesalimika. Fallout 3 ina mizani inayohesabu mema na mabaya yako. Nilipolitegua bomu mara ya kwanza, nakiri, nilikuwa naangalia mizani, sikuwa nawaangalia watu wa Megaton. Kwa sisi tuliosoma juu ya riya, hilo halihitaji maelezo marefu. Mikono yangu ilikuwa misafi mara ile, na nia yangu ilikuwa alama.

Kuna jambo la mwisho. Gemu hii ilipotolewa Japani, nafasi ya kulipua Megaton iliondolewa. Nchi iliyopigwa mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 haikuhitaji kuelezwa kwa nini. Kitufe ni kilekile, lakini hakina uzito mmoja kwa watu wote. Sisi watatu tulikiona kama mzaha. Ndugu yetu alikiona kama kumbukumbu. Kwa hiyo mgawanyiko wetu haukuwa kati ya wacha Mungu na wapotovu. Ulikuwa kati ya ambaye moto umewahi kumfikia na ambao haujawafikia.

Nilikwenda chumbani kwake siku ya Ijumaa baada ya swala. Sikumwomba radhi kwa ajili ya bomu, kwa sababu bomu halikuua mtu. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko, kwani kicheko kilikuwa changu, si cha shujaa. Alinikaribisha chai. Hatukulizungumza tena, na gemu bado imo kwenye laptopu yangu. Nikiifungua, najaribu kuutazama mkono wangu kabla ya kuitazama mizani.

Allah atutakasie nyoyo zetu, tunapokuwa mbele za watu na tunapokuwa peke yetu mbele ya kioo. Aamin.

Wallahu a'lam.