Piga Picha ya Samaki Wako

Mteja wa Kisumu hababaishwi na picha nzuri. Amekwisha kulishwa tilapia ya barafu kutoka China bila kuambiwa, na mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alilizungumzia suala la samaki hao. Sokoni Kibuye mteja huyu huinua shavu la samaki atazame wekundu, kisha hubonyeza nyama kwa kidole. Kwenye simu hana shavu la kuinua. Anachoweza kupima ni wewe.

Kwa hiyo muuzaji anayeokota mtandaoni picha ya ngege (tilapia) anayeng'aa, kwenye sahani ambayo hata si yake, anajipunja. Heri picha yenye kivuli iliyopigwa ufuoni Dunga asubuhi, mashua nyuma, vidole vyako vina magamba, na maelezo wazi: huyu wa ziwani, huyu wa vizimba, bei hii. (Bei, tafadhali. "Njoo inboksi" imetuchosha.) Gugumaji likiziba ufuo mashua zisitoke, lipige picha uweke kwenye stetasi, useme leo hakuna samaki. Utapoteza mauzo ya siku hiyo, lakini kesho ukisema samaki wametoka majini sasa hivi, utaaminika.

Lakini kusema kweli si lazima kuwe kujianika. Ugomvi wa nyumbani na karo ya watoto si mambo ya mteja. Na kama unauza samaki wa China, andika ni wa China. Wanunuzi wake wapo, maana bei yake ni nafuu.